Chuo cha Soroti au masomo ya saa kwa saa Kajjansi: ulinganisho kwa anayetaka urubani Uganda

Juma lile matokeo ya UACE, mtihani wa kumaliza kidato cha sita, yalipotoka, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Malaba. "Shikamoo mjomba. Fizikia na Hisabati nimepita vizuri. Sasa nataka kuruka. Niende chuo cha Soroti, au nianze kwenye kiwanja cha Kajjansi kidogo kidogo kama ulivyofanya wewe?" Kabla sijaitikia, mama yake, dada yangu mkubwa, akamnyang'anya simu: "Na mimi nataka kujua kama niuze ile ploti ya Tororo au niache kwanza."

Sikuwajibu siku hiyo. Niliomba juma moja nikae na kalamu, kwa sababu swali la binti lilikuwa la ndoto na swali la mama lilikuwa la ardhi, na yote mawili yanastahili jibu moja lililokokotolewa.

Nimepitia njia zote mbili. Leseni ya rubani binafsi, ile tunayoiita PPL, niliipata kwenye kiwanja kidogo, nikilipa saa kwa saa kutoka kwenye mshahara wangu. Ilinichukua miaka 3. Leseni ya biashara, CPL, niliifuata chuoni, nikilala bwenini na vijana niliowazidi miaka kumi. Haya ninayoandika nimeyalipia, mengine mara mbili.

Kwanza kabisa, daktari

Njia zote mbili huanzia kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, UCAA. Cheti cha afya kina madaraja. Daraja la 2 linamtosha rubani binafsi. Anayetaka kulipwa kwa kuruka anahitaji daraja la 1, na hapo upimaji huwa mkali zaidi: macho na rangi, masikio, mapafu, sukari, historia ya kifafa au kuzirai, na kipimo cha umeme wa moyo. Miwani haimzuii mtu iwapo inarekebisha macho hadi kiwango kinachotakiwa.

Tofauti ya kwanza kati ya njia hizi mbili inaonekana hapa hapa. Chuo kinachofundisha marubani wa biashara kitakudai daraja la 1 mwanzoni. Kwenye masomo ya saa kwa saa unaweza kuanza na daraja la 2 tu, sheria inaruhusu, na hakuna atakayekuuliza unaelekea wapi. Nilisoma na kijana fundi wa simu, mwerevu sana, mikono mizuri kwenye usukani. Alifikisha saa 38 ndipo akaenda kupima daraja la 1. Moyo wake ukaonyesha hitilafu ambayo hakuwahi kuihisi maishani. Leo ana leseni binafsi na anaruka mara chache Jumapili, lakini zile pesa zilikuwa za kununulia mashine za duka lake. Ukichagua masomo ya Kajjansi, jilazimishe kupima daraja la 1 kana kwamba chuo kimekudai.

Sheria inavyohesabu saa

Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ndizo msingi wa kanuni za nchi zetu. Kwa PPL unatakiwa uwe na umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 ukiwa ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Kati ya hizo, saa 10 ziwe za kuruka peke yako, na humo lazima iwemo safari moja ya angalau kilomita 270 yenye kutua kwenye viwanja viwili tofauti. Kutoka Kajjansi hadi Soroti na kurudi kupitia Jinja kunazidi hapo kwa mbali.

Kwa CPL umri ni 18, na saa ni 200. Lakini aliyesoma ndani ya kozi moja iliyoidhinishwa, tangu mwanzo hadi mwisho, anaruhusiwa kufanya mtihani akiwa na saa 150. Safari ndefu ya peke yako inakuwa kilomita 540: kwa mfano Soroti hadi Gulu, Gulu hadi Arua, na kurudi Soroti. Kuna saa 10 za kuruka kwa kutegemea vyombo bila kutazama nje, na saa 5 za usiku.

Tazama hizo saa 50 kati ya 150 na 200. Hapo ndipo penye tofauti kubwa ya pesa kati ya chuo na masomo ya vipande, na watu wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Tuchukulie saa moja ni dola 200, tarakimu ya kukokotolea tu. Saa 50 ni dola 10,000. Mtu anaweza kusifu bei ya saa ya kiwanja kidogo kwamba ni nafuu, kisha akairudisha nafuu yote hiyo, na kuongeza, kwa sababu anatakiwa kufikisha 200.

Lakini usikimbilie kusema basi chuo kimeshinda. Neno lenye uzito hapo ni "iliyoidhinishwa". Idhini hutolewa na UCAA kwa kila kozi, na huandikwa kwenye cheti cha shule. Shule ndogo inaweza kuwa na idhini ya PPL peke yake, au ya PPL na CPL. Shule yenye jina kubwa inaweza kuwa na idhini iliyokwisha muda. Omba kukiona cheti chenyewe, soma kozi zilizotajwa na tarehe. Shule nzuri haitaona vibaya. Na kama unawaza kuanza kiwanjani kisha kuhamia chuoni, kiulize chuo kwa maandishi kabla hujaruka hata saa moja: saa zangu ngapi mtazikubali, na je, nitahesabiwa 150 au 200? Jibu la mdomo la karani wa mapokezi usilijengee mpango.

Soroti

Chuo cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971, wakati ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ili Kenya, Uganda na Tanzania zifundishe marubani na mafundi wa ndege pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, chuo kilibaki mikononi mwa Uganda. Wazee wengi wa anga katika ukanda huu walipita pale, na hadi leo watu husema "Soroti" tu, ukaelewa wanazungumzia urubani. Jina hilo bado lina uzito ofisini kwa waajiri wa hapa kwetu, na hilo ni la thamani kwa kijana asiye na mtu wa kumtambulisha.

Kinachonipendeza zaidi kule ni utaratibu. Unaishi palepale. Asubuhi unaamkia darasani au kwenye ndege. Hakuna foleni ya barabara ya Entebbe, hakuna bosi anayekuita kazini Jumamosi. Masomo ya nadharia ni tisa: sheria za anga, elimu ya ndege, uwezo na upakiaji wa ndege, mwili na akili ya rubani, hali ya hewa, uongozaji wa njia, taratibu za uendeshaji, kanuni za kuruka na mawasiliano ya redio. Ukiyasoma peke yako usiku baada ya kazi, kama nilivyofanya mimi, somo la hali ya hewa litakulaza kifudifudi juu ya kitabu. Darasani kuna mwenzako anayekuuliza kwa nini mawingu ya mvua yanakua saa tisa alasiri na si saa tatu asubuhi, na kwa kumjibu unaelewa. Wenzangu wa bwenini walinifundisha uongozaji wa njia kuliko kitabu chochote.

Nchi yenyewe inasaidia. Teso, eneo lenye mji wa Soroti, ni tambarare. Mwanafunzi anayepotea njia ana maziwa, barabara na reli za kujipimia, na pale mjini kuna Mwamba wa Soroti unaoonekana toka mbali. Anga haina msongamano. Mizunguko ya kutua unaifanya mmoja baada ya mwingine bila kungoja ndege kubwa ipite. Na ukitoka kuruka unakula atapa na mchuzi, bei ya chakula ni ya mji mdogo.

Upande wa pili, Soroti iko karibu kilomita 300 kutoka Kampala. Mwenye kazi hawezi kusoma kule bila kuiacha kazi. Ada hulipwa kwa mafungu makubwa, na familia nyingi hulipa fungu la kwanza kwa nguvu zote kisha hukwama la pili. Kuna jambo moja tena, na nalisema kwa chuo chochote duniani: bweni lililojaa wanafunzi na ndege chache zinazoruka ni hasara inayotembea polepole. Unalipa chumba, unalipa chakula, umri unakwenda, na zamu yako ya ndege inafika mara moja kwa majuma mawili.

Kajjansi na viwanja vidogo

Kajjansi iko kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Ndiko zilikojikita ndege za shirika la wamisionari la MAF, klabu ya kuruka ya Kampala, na ndege nyingi ndogo za watalii. Ukishuka kwenye teksi barabarani, boda inakufikisha langoni kwa dakika chache.

Masomo hapa ni ya makubaliano. Unalipia saa, au fungu la saa 5 au 10, unapangiwa mwalimu, unaruka Jumamosi asubuhi, unarudi kazini Jumatatu. Mwalimu ni wako peke yako kwa saa hiyo. Kwa mtu mwenye duka, mwuguzi wa zamu, mwanajeshi, mwalimu wa shule, hii ndiyo njia pekee isiyomtaka aache maisha yake. Na ni njia ya kujijua. Wapo wanaolipenda wazo la urubani, lakini wakikaa angani dakika 40 kwenye joto, ndege ikirukaruka kama boda kwenye rasta, tumbo linakataa. Heri kulijua hilo kwa bei ya saa moja kuliko kwa bei ya muhula.

Kitu kingine ambacho Kajjansi inakupa, na Soroti haikupi kwa kiwango hicho, ni redio. Uko jirani na Entebbe. Unasikia ndege kubwa zikipangwa, unaambiwa ungoje, uripoti, ushuke futi kadhaa. Mwanafunzi wa Kajjansi hujifunza mapema kusema maneno machache yaliyo sahihi. Nilipofika chuoni, hofu ya redio iliyowasumbua wenzangu mimi sikuwa nayo tena. Kumbuka pia kwamba rubani wa kimataifa hupimwa Kiingereza cha redio, na kiwango cha chini ni cha 4, kinachopimwa upya kila baada ya miaka 3. Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili cha kambini na sokoni tunahitaji mazoezi hayo.

Milima ya pembeni na ziwa la upande mmoja pia ni mwalimu. Ukanda wa kaskazini wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Asubuhi nyingi tuliamka kukiwa na mawingu yaliyotoka ziwani, tukakaa kivulini hadi saa nne, somo likaahirishwa. Miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba hupunguza Jumamosi zako. Ukiwa na siku moja tu kwa juma, mvua moja inakula juma zima. Wa Soroti akinyeshewa Jumanne anaruka Jumatano.

Mapengo ndiyo yanayokula pesa

Hapa nikae kidogo, maana ndilo ninalotaka mpwa wangu na mama yake walielewe kuliko yote.

Saa 40 ni kima cha chini. Anayeruka mara tatu nne kwa juma anaweza kukikaribia. Anayeruka mara mbili kwa mwezi hakikaribii kabisa. Kutua ndege ni kazi ya mikono na macho. Ukikaa majuma matatu bila kugusa usukani, nusu ya somo linalofuata ni kukumbushwa ulichokuwa unakijua. Mimi nilipata PPL yangu kwa saa 63. Kwa ile tarakimu yetu ya dola 200, saa 23 za ziada ni dola 4,600, na hizo hazikunifundisha kitu kipya. Zilinirudisha nilipokuwa.

Mapengo yangu yalikuwa ya aina tatu. La kwanza mshahara kuchelewa. La pili mvua. La tatu ndilo lililoniuma. Shule moja niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa na ndege moja tu ya mafunzo. Nililipia saa 10 mapema ili nipate punguzo. Nikaruka 2. Ndege ikaingia kwenye ukaguzi wa saa 100, fundi akakuta silinda ina ufa, kipuri kikaagizwa ng'ambo. Miezi minne. Kila Jumatatu nilipiga simu, kila Jumatatu nikaambiwa juma lijalo. Pesa hazikurudi. Niliruka zile saa 8 nikiwa nimesahau hata jinsi ya kurekebisha mwendo wa kushuka, na mwalimu mwenyewe alikuwa amebadilika. Silaumu fundi, ufa wa silinda unapokutwa chini ni baraka. Nalaumu kulipa saa 10 kwa shule yenye ndege moja.

Kwa hiyo ukitembelea shule, kubwa au ndogo, usihesabu ndege zilizo kwenye banda. Uliza zinazoruka leo. Nenda siku ya kazi, siyo siku ya maonyesho, kaa chini ya mti saa mbili ukiangalia njia ya kurukia, uhesabu zilizopaa. Kisha waulize wanafunzi, mbali na ofisi: mwezi uliopita uliruka saa ngapi? Ukipata wanafunzi watano wanaosema saa 12 au 15, hapo kuna shule. Wakisema 3, hata ada ikiwa nusu ni ghali.

Uliza na mafuta. Ndege nyingi za mafunzo, kama Cessna 172, hutumia petroli ya ndege, avgasi, ambayo ni tofauti na mafuta ya ndege kubwa. Ndege hiyo hunywa kama lita 30 hadi 38 kwa saa. Nchi yetu haina bandari ya bahari, kila lita inapita nchi jirani kabla ya kufika kwetu. Shule isiyo na akiba ya avgasi itasimama hata kama ndege zote ni nzima. Hili linakigusa chuo na kiwanja kidogo sawasawa.

Kwa ufupi, kwa anayependa jedwali

| Jambo | Chuo cha makazi | Masomo ya saa kwa saa |
|---|---|---|
| Malipo | Mafungu makubwa, yawe yamepangwa kabla | Kidogo kidogo, kadiri ya mfuko |
| Kazi yako | Unaiacha | Unaendelea nayo |
| Saa za CPL | 150 ikiwa kozi nzima imeidhinishwa | Mara nyingi 200 |
| Nadharia | Darasani, na wenzako | Peke yako zaidi |
| Hatari kubwa | Wanafunzi wengi, ndege chache | Mapengo ya pesa, mvua na ndege moja |
| Kuacha katikati | Hasara kubwa | Unabaki na saa zako na pengine PPL |

Mstari wa mwisho uangalie mara mbili. Aliyekwama chuoni kabla ya mtihani anaweza kurudi nyumbani bila leseni yoyote, na deni. Aliyekwama kiwanjani akiwa na PPL ana karatasi halali mkononi, anaweza kungoja miaka miwili akaendelea.

Yanayofanana, ingawa wauzaji wa kozi hawayasemi

Joto na mwinuko ni vilevile kote. Entebbe iko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari, na Soroti haipishani nayo sana. Siku ya nyuzi 30, hewa ya futi 3,700 inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko kama futi 6,400. Inahitaji njia ndefu zaidi kupaa, na inapanda kwa uvivu. Rubani aliyefundishwa Uganda analijua hili mwilini, na ni sifa ya kujivunia popote atakapokwenda. Ila njia ya kokoto fupi ya kiwanja kidogo itakufundisha hilo kwa ukali kuliko lami ndefu. Nilijifunza kukataa abiria wa tatu nikiwa bado na saa 70, kwa sababu hesabu ya njia ilikataa.

Mwalimu pia ni suala la mtu, siyo la jengo. Walimu wengi vijana wanafundisha ili wakusanye saa zao, na wakipata kazi kwenye shirika wanaondoka katikati ya masomo yako. Hilo hutokea kote. Uliza mwalimu wako ana mpango wa kukaa hadi lini, na nani atakupokea akiondoka. Anayekasirika kwa swali hilo mwache.

Na gharama za pembeni zipo kote: ada za mitihani, ada ya mtahini wa ndege, vipaza sauti vya masikioni, ramani, ada za kutua kwenye viwanja vikubwa, kuruka usiku mahali penye taa. Omba bei iliyoandikwa, na uulize kama ndani yake mna leseni ya kuruka kwa vyombo na ya ndege ya injini mbili. CPL tupu ya injini moja haikufikishi mbali. Matangazo mengi huishia kwenye CPL, na mzazi hugundua baadaye kuna mlima mwingine.

Baada ya leseni

Hili nilimweleza mpwa wangu polepole. Shirika la Uganda Airlines lilirudi angani Agosti 2019 na ndege za CRJ900, baadaye zikaja Airbus A330-800. Vijana wengi waliona picha zile wakaamua kuwa marubani, na si vibaya. Lakini mwenye saa 150 au 200 hakai kwenye kiti kile kesho yake. Leseni ya juu kabisa, ATPL, inataka saa 1,500. Katikati kuna miaka ya kufundisha, kubeba watalii kwa ndege ndogo kwenda Kihihi au Kidepo, kupeleka mizigo na misaada nchi jirani. Waajiri wa hatua hiyo wanatazama daftari la saa zako: umeruka wapi, kwenye njia gani, lini mara ya mwisho. Jina la chuo linafungua mlango wa mahojiano. Daftari lenye kokoto, mvua na viwanja vya mbali linajibu maswali ya ndani.

Kwa anayefikiria kazi Nairobi au Dar es Salaam, leseni ya Uganda haifanyi kazi yenyewe kule. Inabadilishwa au kuthibitishwa na mamlaka ya nchi husika. Kanuni za nchi za Jumuiya zinasogezwa pamoja kupitia CASSOA, wakala wa Jumuiya wa usalama wa anga, ambayo makao yake yako Entebbe, na hilo limepunguza usumbufu. Njia uliyosomea haina uzito mkubwa hapo, mradi shule iwe na idhini na daftari lako liwe safi, lililosainiwa kila ukurasa.

Nilivyowajibu

Jumapili nilikwenda Malaba. Dada alipika wali na samaki, tukakaa uani, mpwa wangu ameshika daftari kama anangoja mtihani.

Nilimwambia hivi. Kama pesa za kozi nzima zipo, zote, pamoja na ziada ya sehemu moja ya tano kwa yasiyotarajiwa, na una miaka 19, huna kazi wala mtoto, basi chuo. Usikatize masomo yako bila sababu. Saa 150, nadharia darasani, kuruka kila siku. Kama zilizopo ni nusu, basi usianze chuo kwa nusu ukitumaini Mungu ataleta nyingine katikati ya muhula. Nimeona mabegi yakifungwa bwenini kwa ajili hiyo, na ni huzuni ninayoikumbuka. Anza Kajjansi, lakini usianze hadi umeweka akiba ya angalau saa 40 mfululizo, ili uruke mara tatu kwa juma kwa miezi mitatu na kumaliza PPL kwa mkupuo. Hapo ndipo mimi nilipokosea: nilianza na pesa za saa 4.

"Na mtu kama yule daktari wa meno wa Tororo," akauliza dada, "anayetaka tu kuruka mwenyewe?" Huyo hana swali, nikamwambia. Kiwanjani, saa kwa saa, na afurahi.

Mpwa wangu akauliza kama kuna ubaya wa kuwa msichana peke yake kwenye kundi. Nilimwambia ukweli: kundini mwangu walikuwa wawili kati ya 14, na ndege haikuwahi kutofautisha. Achague bweni lenye milango inayofungika na amuulize msichana aliyepo pale, siyo mimi.

Kisha tukapiga hesabu ya ploti. Bei anayopewa dada sasa haifikii kozi nzima hata kidogo. Inatosha PPL na kubaki kidogo. Mnunuzi anamharakisha. Nikamwomba asiuze kabla ya mambo mawili, na yote mawili hayazidi bei ya mbuzi wachache: cheti cha afya daraja la 1, na saa moja angani Kajjansi, yeye dada akiwa amekaa kiti cha nyuma aone mwanawe akishika usukani.

Miadi ya daktari ni Jumanne ijayo saa tatu asubuhi. Tukitoka hapo salama, Alhamisi tunapanda basi la Soroti sote watatu, tukakae chini ya mti tuhesabu ndege.